Kutoka Lori la Vugiri hadi King'amuzi: Historia ya Filamu ya Kiswahili Tanzania

Historia ya filamu ya Kiswahili nchini Tanzania husimuliwa mara nyingi kwa kufuata majina ya waliozitengeneza na walioigiza ndani yake, na simulizi za namna hiyo huacha swali moja kubwa bila jibu: kwa nini nchi ambayo ilianza kupigiwa picha za maigizo tangu miaka ya 1930, yenye lugha moja inayoeleweka kutoka Kigoma hadi Mtwara, na yenye watu walioipenda sinema kwa dhati, ilikaa karibu miaka sabini kabla ya kuwa na biashara ya filamu zake yenyewe. Jibu limo katika njia ambayo filamu huipita ikitoka kwa mtengenezaji mpaka ikamfikia mtazamaji. Aliyeishika njia hiyo, awe mkoloni mwenye lori, tajiri mwenye jumba la sinema, shirika la umma, msambazaji wa Kariakoo au kituo cha televisheni, ndiye aliyeamua kwa kiasi kikubwa hadithi iwe ya namna gani, iwe ndefu kiasi gani na imlenge nani.

Maabara ya Usambara, 1935–1937

Mwaka 1935, katika kijiji cha Vugiri kilichoko kwenye milima ya Usambara, ulianzishwa mradi uliokusudia kupima kama picha zinazotembea zingeweza kutumika kuwaelimisha Waafrika wa vijijini. Mradi huo, uliofahamika kama Majaribio ya Sinema ya Elimu kwa Wabantu, ulibuniwa na Baraza la Kimataifa la Wamisionari na kupewa fedha na Shirika la Carnegie la Marekani. Shughuli za uwandani ziliongozwa na Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia shamba la mkonge Afrika Mashariki, na upande wa elimu ulikuwa chini ya G. C. Latham, aliyetoka katika utumishi wa elimu Rhodesia ya Kaskazini.

Namna walivyofanya kazi inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake mna mambo ambayo yalijirudia kwa vizazi vilivyofuata. Picha zilipigwa kwa mkanda mwembamba wa milimita 16, ambao ulikuwa nafuu, na zikasafishwa papo hapo Vugiri badala ya kupelekwa Ulaya. Sauti haikuwekwa kwenye mkanda bali ilirekodiwa kwenye sahani za santuri, jambo lililowezesha filamu ileile kusemeshwa Kiswahili katika Tanganyika na lugha nyingine ilikovuka mpaka, kwa kubadili sahani tu. Kisha mashine, skrini, jenereta na santuri zilipakiwa kwenye lori, nalo likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, likionyesha filamu viwanjani baada ya jua kuzama.

Filamu zilizotengenezwa zilifika 35 hivi, na nyingi zilihusu safura, mbegu bora, kodi, kilimo cha chai na kuweka akiba. Ile ya benki ya akiba ya posta iliwaweka pamoja wakulima wawili, mmoja akafukia fedha zake ardhini na zikaibwa, mwingine akazipeleka benki na zikasalimika. Muundo huo wa mjinga na mwerevu, ambapo kisa kizima hupangwa ili mtazamaji ajue nani wa kuigwa, uliwekwa na wenye mradi kwa makusudi yao, lakini haukufa pamoja nao, kwani utaonekana tena katika filamu za ujamaa na hata katika filamu za kanda za video za miaka ya 2000. Waigizaji walikuwa Waafrika ambao hawakuwa na mamlaka juu ya hadithi wala juu ya mahali zitakapoonyeshwa. Mwaka 1937 fedha za Carnegie zilikwisha, serikali za makoloni zikakataa kubeba gharama, na mradi ukafungwa.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi kwa sanaa. Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoundwa London mwaka 1939 ili kueneza habari za vita, kilifuata mawazo ya William Sellers, ofisa aliyefanya kazi Nigeria na kuamini kwamba Mwafrika hawezi kufuatilia picha zinazobadilika haraka, na kwa hiyo apewe filamu za mwendo wa pole, zisizo na hila yoyote ya kiufundi. Imani hiyo haikuwa na msingi, na ushahidi wa kuikanusha ulikuwa ukionekana kila wiki katika miji ya pwani.

Majumba ya sinema na watu wake, 1921–1965

Wakati maofisa wakijadili uwezo wa macho ya Mwafrika, wakazi wa Unguja, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa walikuwa wakikata tiketi na kuketi mbele ya filamu za Marekani, India na Misri zilizojaa mikato ya haraka, nyimbo na hadithi ndani ya hadithi. Zanzibar lilijengwa jumba la Royal mwaka 1921, kwa mchoro wa msanifu John Sinclair, likimilikiwa na Hassanali Adamji Jariwalla. Baadaye likaitwa Majestic, likaungua mwaka 1954 na kujengwa upya. Wamiliki wa majumba hayo walikuwa hasa wafanyabiashara wa asili ya Kiasia waliozaliwa au kukulia humuhumu, nao waliijua hadhira yao kuliko ofisi yoyote ya serikali, kwa kuwa riziki yao ilitegemea viti kujaa.

Filamu ya Kihindi ndiyo iliyotawala mioyo. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, na Mother India ya mwaka 1957 ziliwavuta watu wa kila tabaka, nyimbo zake zikaimbwa na watu wasiojua Kihindi, na maneno yake yakafafanuliwa na jirani kwa jirani gizani. Palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, ambayo yaliwawezesha akina mama wa Kiislamu kwenda sinema bila kukiuka heshima ya nyumbani. Kwa kuwa nakala ya filamu mpya ilikuwa moja tu na haikukaa siku nyingi, huko Unguja filamu moja iliweza kuonyeshwa katika majumba mawili jioni moja kwa saa zilizopishana, ambapo gurudumu la kwanza la mkanda lilipomalizika katika jumba la kwanza kijana alilipakia kwenye baiskeli na kulikimbiza jumba la pili, kisha akarudi kuchukua linalofuata, huku watazamaji wakitegemea miguu yake ili picha isikatike.

Biashara hiyo iliyostawi haikuzaa filamu za wenyeji, na sababu yake si ngumu kuiona. Mwenye jumba alikodi mkanda uliokwisha kulipa gharama zake Bombay au Hollywood, akaupata kwa bei ndogo, na hakuwa na sababu ya kuhatarisha mtaji wake kwa filamu ya Kiswahili ambayo ingemgharimu mara nyingi zaidi. Watu walikuwepo na fedha zao zilikuwepo, lakini zilipita njia iliyokwenda nje.

Jaribio moja lilithibitisha kwamba kiu ya filamu ya Kiswahili ilikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Afrika Kusini iliyopewa kazi na serikali ya Tanganyika ilitengeneza filamu kadhaa za hadithi kwa Kiswahili, zikiwemo Muhogo Mchungu, Chalo Amerudi, Meli Inakwenda na Wageni Wema. Mwigizaji aliyejitokeza kuliko wote alikuwa kijana mtumishi wa ustawi wa jamii, Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye mwaka 1955 alikuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu. Sura iliyozoeleka viwanjani na katika skrini ilimtangulia katika mikutano ya wafanyakazi, na ni haki kusema kwamba Tanganyika ilimpata nyota wake wa kwanza wa filamu katika mtu ambaye siasa ilimchukua kabla sanaa haijajipanga kumtunza. Mpango wenyewe haukudumu, kwa kuwa uliendeshwa kwa fedha za serikali, na serikali ilipokosa hamu filamu zikakoma.

Dola yashika skrini, 1963–1986

Uhuru ulileta dhamira ya kweli. Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na mwaka uliofuata kikaanzishwa kitengo cha filamu cha serikali kilichotengeneza zaidi habari za matukio na filamu za mafunzo. Mwaka 1968 ikaundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyofahamika kwa kifupi chake TFC, ambayo ilikabidhiwa kazi mbili zilizovutana: kutengeneza filamu za taifa, na kuwa mwagizaji na msambazaji wa filamu za nje. Visiwani majumba yalikwisha kuingia mikononi mwa serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, na Bara sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo ya kupangisha iliyagusa baadhi yake. Hata Sinema ya Magari iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1966, ambako watu walitazama wakiwa ndani ya magari yao au wameketi chini pembeni, katika eneo ambalo baadaye ulijengwa ubalozi wa Marekani, iliendelea kutegemea mikanda iliyopitia kwa TFC.

Kwa mara ya kwanza tangu Vugiri, basi, mtengenezaji wa filamu za Kiswahili na mwenye njia ya kuzifikisha alikuwa mmoja. Matunda yake ni Fimbo ya Mnyonge ya mwaka 1974, iliyomfuata mtu maskini anayetangatanga mjini bila kupata kazi mpaka anapoliona tumaini katika kijiji cha ujamaa, na baadaye Yomba Yomba ya mwaka 1985. Filamu hizo zina uzito wake, hasa kwa jinsi zilivyoichukua lugha ya kawaida ya wakulima na kuipa heshima ya skrini, ingawa umbo la mjinga na mwerevu lililoonekana Vugiri lilibaki ndani yake, safari hii likitumikia siasa ya ujamaa ya Azimio la Arusha.

Hata hivyo kampuni iliishi kwa kuuza tiketi za filamu za kigeni, na zenyewe zilinunuliwa kwa fedha za kigeni. Baada ya vita vya Kagera vya 1978–1979 fedha hizo ziliadimika, mikanda ikachakaa, vipuri vya mashine vikakosekana, na shirika lililopaswa kuigharamia sanaa ya nchi likashindwa hata kuzilinda taa za majumba yake. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, iliyomtaka kila mtengenezaji apate kibali kabla ya kupiga picha, ilifunga mlango uliobaki kwa mtu binafsi.

Kazi bora za miaka hiyo zilipatikana kwa ushirikiano wa nje. Arusi ya Mariamu, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill mwaka 1985, ilimhusu mwanamke ambaye hospitali haikuweza kumponya na ambaye hofu yake kwa waganga wa jadi ilimzuia kupona, na kwa dakika zisizofika arobaini ilieleza mvutano wa tiba mbili kwa utulivu ambao filamu za mafunzo hazikuwahi kuufikia. Mama Tumaini ilifuata mwaka 1986 kwa ushirikiano na Wanorwei. Filamu hizo zilisafiri katika matamasha ya Afrika na Ulaya, na Watanzania walioziona walikuwa wachache mno.

Jukwaa, kibanda na mkalimani, 1980–2002

Wakati skrini ikififia, jukwaa lilikuwa moto. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na idara ya sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilifunguliwa mwaka 1981, lakini umma ulikwenda zaidi kwenye kumbi za starehe, ambako vikundi vya utamaduni kama Muungano, DDC Kibisa na kile cha Shirika la Bima vilitoa onyesho la saa nyingi lenye ngoma, sarakasi, taarabu, kwaya, vichekesho na maigizo. Tanzania One Theatre, chini ya Kapteni John Komba, iliingia uwanjani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Igizo katika kumbi hizo halikuandikwa neno kwa neno. Wachezaji walikubaliana kisa, kila mmoja akajua anaingia lini na anatoka lini, na mazungumzo yakazaliwa palepale kwa kusikiliza kicheko au guno la watu. Amri Athumani wa Tanga, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Mzee Majuto, alilelewa na sanaa hiyo ya jukwaani, naye aliibeba hadi kwenye filamu kwa ustadi ambao waigizaji waliosoma darasani waliuheshimu.

Sambamba na hayo, deki za video ziliingia nchini, kwanza kwa waliorudi kutoka nje, kisha kwa wingi baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980. Bara haikuwa na televisheni wakati huo, tofauti na Zanzibar iliyokuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ombwe hilo lilijazwa na vibanda vya video: chumba cha mabati chenye mabenchi, runinga moja iliyoinuliwa juu ya kabati, spika iliyogeuzwa nje ili wapita njia wasikie risasi, na ubao ulioandikwa kwa chaki majina ya filamu za siku hiyo. Kiingilio kilikuwa kidogo kuliko tiketi ya jumba la sinema, nayo majumba yakaanza kufungwa, mengine yakageuzwa maduka na makanisa.

Ndani ya vibanda ndimo alimozaliwa mkalimani wa filamu, yaani mtu anayepunguza sauti ya asili na kusimulia kwa Kiswahili kila kinachosemwa na kutendwa. Mtindo huo, uliotangulia kushamiri Uganda, uliletewa umaarufu Dar es Salaam na Derek Gaspar Mukandala, aliyeitwa Lufufu, ambaye alianza kwa kusema mbele ya watazamaji na baadaye akawa anarekodi sauti yake kwenye kanda zilizouzwa. Mkalimani hakutafsiri tu. Alimpa mhalifu wa Hong Kong jina la mtaani, akamwonya shujaa, akaeleza sheria za nchi ya mbali kwa mifano ya Manzese. Wasomi wengi waliibeza kazi hiyo, na walikosea, kwa sababu vibanda viliizoesha hadhira kubwa ya watu wasiojua Kiingereza kusikiliza filamu kwa Kiswahili na kuilipia.

Televisheni binafsi ilipoanza Bara mwaka 1994, vituo vilihitaji vipindi vya bei nafuu, na vikundi vya maigizo vilihitaji mahali pa kuonekana. Kaole Sanaa Group, iliyorusha michezo yake ITV, ilihamisha mbinu za ukumbini hadi mbele ya kamera, na kutoka humo wakatoka Vincent Kigosi maarufu kwa jina la Ray, Blandina Chagula aitwaye Johari, na Steven Kanumba. Malipo yalikuwa haba, lakini nyuso zao ziliingia kila nyumba yenye runinga, na kujulikana huko kulikuwa mtaji.

Kariakoo na zama za Kanumba, 2003–2012

Mwaka 2003 mwongozaji George Tyson alitoa Girlfriend, filamu ya video iliyowaweka pamoja waigizaji na wanamuziki wa bongo fleva akiwemo TID, na mafanikio yake yakawaonyesha wafanyabiashara wa kanda kwamba Mtanzania yuko tayari kununua hadithi yake. Filamu za Nigeria, zilizokuwa zimejaa sokoni, zilikuwa zimetoa somo lilelile: kamera ndogo, nyumba ya kukodi, siku chache za kupiga picha, na nakala nyingi za bei ndogo.

Bongo Muvi, kama filamu hizo zilivyoitwa, zilipita kwa wasambazaji wachache wa Kariakoo, mtaa wa biashara wa Dar es Salaam, na Steps Entertainment ikawa kubwa kuliko wengine. Msambazaji alinunua nakala mama pamoja na haki zake kwa malipo ya mkupuo, hivyo mtayarishaji hakupata chochote cha ziada hata filamu ikiuzwa kupita kiasi. Matokeo yake yalionekana ndani ya filamu zenyewe. Kwa kuwa sehemu ya kwanza na ya pili ziliuzwa mbalimbali, kisa cha saa moja na nusu kilivutwa kwa magari yanayoingia na kutoka getini na kwa mazungumzo marefu sebuleni. Kwa kuwa jalada ndilo lililouza, bajeti ilikwenda kwa nyota mmoja badala ya mwandishi. Na kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, mbinu ya jukwaani ya kubuni mazungumzo papo hapo iliendelea kutumika, mara nyingine kwa ufasaha wa kushangaza, mara nyingi kwa kujirudia.

Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1984, alikuwa wa kwanza kujaribu kuivunja mipaka hiyo kutoka ndani. Alishirikiana na Wanigeria katika filamu kama Dar to Lagos na Devil Kingdom, akiamini kwamba soko pana lingempa msanii uwezo wa kujadiliana, na akajifunza kutayarisha na kuongoza. Alifariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28. Maelfu waliojaa viwanja vya Leaders na njia ya kwenda makaburi ya Kinondoni, wakiwemo viongozi wa kitaifa, waliilazimisha Serikali itambue ukubwa wa sanaa ambayo hadi hapo ilikuwa imeichukulia kama biashara ya wamachinga. Kifo chake kilizua pia mjadala wa wazi kuhusu nyota wanaojulikana Afrika Mashariki na Kati nzima huku haki za kazi zao zikiwa mikononi mwa wengine.

Stempu, matamasha na ving'amuzi, tangu 2013

Hatua ya kwanza ya Serikali ilikuwa ya kikodi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwepo tangu mwaka 1999, lakini wezi wa kazi za sanaa waliendelea kunakili diski bila hofu, hivyo mwaka 2013 ukaanza utaratibu wa kubandika stempu ya Mamlaka ya Mapato kwenye kila nakala ya muziki na filamu. Stempu ilirasimisha biashara bila kubadili mkataba wa mkupuo, nayo ilifika kwa kuchelewa, kwa kuwa simu za mkononi na kadi za kuhifadhia data zilikuwa zimeshaanza kuiua diski yenyewe, na katika miaka michache mauzo ya Kariakoo yakaporomoka.

Upande wa pili palikuwa na mkondo wa filamu za matamasha. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998 katika Ngome Kongwe, liliwapa waongozaji skrini ambayo haikumilikiwa na msambazaji. Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, akiigiza Amandina Lihamba, ilipelekwa mwaka 2001 kuiwakilisha Tanzania katika Oscar. Miongo miwili baadaye Amil Shivji aligeuza riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kuwa filamu iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, yenye Kiswahili cha Unguja kisichopunguzwa makali kwa ajili ya mgeni, na Binti ya Seko Shamte ikaingia Netflix. Hizi ni kazi zilizoandikwa kwa subira, na tofauti ya uandishi wake na ule wa filamu za kanda ni kubwa.

Lakini mkondo uliobeba riziki za wengi ni ule wa televisheni za kulipia, zinazopokewa kwa ving'amuzi. Azam TV ilianza mwishoni mwa 2013, Maisha Magic Bongo ikafuata kupitia DStv, na vituo hivyo vikaja na mkataba wa namna nyingine: kituo hulipia kabla, hupanga idadi ya vipindi, na huhitaji hadithi inayoweza kuendelea kwa miezi. Filamu ya sehemu mbili ikaipisha tamthilia, yaani mchezo wa mfululizo, na waongozaji waliokomaa katika filamu za kanda, kama Leah Mwendamseke aitwaye Lamata, walihamia huko. Juakali yake ikawa miongoni mwa tamthilia zinazofuatiliwa zaidi. Mfumo huo umerudisha jambo lililokosekana kwa muda mrefu, nalo ni meza ya waandishi, kwa sababu kisa cha mfululizo hakiwezi kuendelea bila watu wanaokipanga mapema, na wahusika wa kike, ambao katika Bongo Muvi walikuwa ama mke mwema ama mchepuko, wamepata nafasi ya kukua kutoka kipindi hadi kipindi. Wakati huohuo vikundi vya vijana visivyo na mkataba na kituo chochote hurusha vipindi vyao YouTube, vikipiga picha kwa simu na kugawana mapato ya matangazo, na urefu wa kila kipindi hupangwa kwa kuangalia kifurushi cha data ambacho mtazamaji wa Mbagala au Sumbawanga anaweza kukinunua kwa siku moja.